Komwe ya Akiba

Barazani kwetu, adhana ya magharibi ikisikika, wacheza bao huuacha ubao ulivyo na kuelekea msikitini. Jioni moja alibaki mtoto tu, mjukuu wa mwenye bao, miaka minane hivi, amechuchumaa mkekani na ndara zake kazivua. Alizoa kete zote akazirundika pembeni, kisha akaanzisha mchezo wake mwenyewe. Shimo la kwanza alitia komwe moja. La pili, mbili. La tatu, nne. La nne nane, la tano kumi na sita, akinong'ona hesabu kama anayechelea kuwaamsha waliolala. Shimo la sita lilitakiwa kubeba thelathini na mbili, likashindwa: komwe zikapandana, zikaporomokea shimo la jirani, naye akawa anazirudisha moja moja na kuzibana kwa kidole gumba. Alipomaliza alifungua kiganja. Mlikuwa na komwe moja. Babu yake aliporudi, mtoto alimwinulia mkono. "Babu, hii niiweke wapi?" Mzee aliitazama, akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa nyingine iliyofanana nayo, ile ya akiba anayotembea nayo siku zote kwa kuwa kete za bao hupotea. "Mimi pia ninayo yangu," alisema. "Kaa nayo."

Nami nimekaa nayo tangu jioni ile, ingawa si mimi niliyepewa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64, kila mchezaji na 32 zake. Mtoto hakukosea popote. Moja na mbili ni tatu, na shimo linalofuata linadai nne. Moja, mbili na nne ni saba, na shimo linalofuata linadai nane. Yote yaliyotangulia yakikusanywa pamoja hupungukiwa na moja tu kulifikia linalofuata, na ndiyo maana mtu mwenye kete 64 akijaza hivyo mashimo sita hubaki na moja mkononi. Usiku nilipolala niliendelea kumjazia yale mashimo ishirini na sita aliyoyaacha wazi. Shimo la kumi linataka komwe 512. La ishirini linataka zaidi ya laki tano. La thelathini na mbili, la mwisho, peke yake linameza 2147483648. Zikusanye za ubao mzima na unapata 4294967295. Ngano ya kale ya mvumbuzi wa sataranji, yule aliyeomba punje moja kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, hupita katika namba hii hii inapofika nusu ya ubao wake wa miraba 64. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Lakini haba inayojirudufu haina kibaba cha kuipokea, hata ghala hailitoshi tumbo lake.

Ongeza komwe ile ya kiganjani, upate 4294967296. Ongeza na ile ya akiba, iliyotoka mfukoni mwa koti, upate 4294967297. Hii ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Isome kwa sauti: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Kinywa huchoka kabla maana haijafika. Mtu angeanza kuhesabu komwe moja kila sekunde siku Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, asilale wala asile, angeimaliza hesabu mwaka 2041. Na bado ni namba nzima kama nyingine zote, nzima kama saba, kama kumi na mbili. Ina utu wake, kama naweza kusema hivyo. Ina tabia ambazo hakuna aliyezipanga.

Pierre de Fermat aliikuta njiani mwaka 1640. Alikuwa ofisa wa mahakama ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Mchana alishughulika na mashauri ya watu, na hesabu, alizozituma kwa marafiki kwa barua, zilikuwa kazi ya saa zake za faragha. Alichukua mbili, akaongeza moja: tatu. Alichukua mbili mara mbili, akaongeza moja: tano. Kisha mbili nne zikizidishwa pamoja, na moja: 17. Mbili nane, na moja: 257. Mbili kumi na sita, na moja: 65537. Zote tano ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Ya sita katika safu hiyo ni mbili thelathini na mbili zikizidishwa pamoja, na moja, ndiyo hii yetu. Fermat alikiri kwamba hana uthibitisho, lakini aliamini kwamba nayo ni tasa, na zote zitakazofuata pia, bila kikomo. Nyota njema huonekana asubuhi, naye alikuwa ameona asubuhi tano. Nani angemlaumu? Sisi wenyewe tunaoana, tunakopeshana na kuchaguana kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Uzito wa kuamini kwake uko mahali pengine. Kuijaribu namba kubwa kiasi kile kwa njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa iliyo ndogo kuliko 65536, na tasa hizo ni 6542. Migawanyo elfu sita na mia tano, kwa kalamu ya unyoya, kwa mwanga wa mshumaa. Lakini mwaka ule ule Fermat alikuwa amegundua kanuni juu ya vipeo na namba tasa, kanuni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, na kwa kanuni hiyo hiyo kazi yote ingepungua ikawa ya asubuhi moja. Ufunguo ulikuwa mezani kwake. Mlango haukufunguliwa. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: nadhani kila msomi aliyezaliwa kwenye lugha yetu amewahi kuisikia methali hiyo na kuidhania ni ya majumba. Namba hii nayo ilikuwa na mlango mzuri, mlango wa kitasa, na kwa miaka 92 watu waliusifu mlango.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia rafiki yake Leonhard Euler, kijana wa Basel aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akimuuliza kama anaufahamu usemi huo wa Fermat. Mwanzoni Euler hakuvutiwa sana. Baadaye swali likamkaa moyoni, na mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alitangaza kwamba namba hii si tasa. Inagawanyika kwa 641. Njia yenyewe aliieleza miaka mingi baadaye: kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe cha namna moja tu, yaani ukikipanga katika mafungu ya 64, ibaki moja. Nilipoisoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza niliinuka kitini. Mafungu ya 64! Mfuko mmoja wa bao, au mifuko kadhaa, na daima komwe moja ya ziada. Kati ya namba zote zilizopo, ni hizo tu zenye haki ya kujaribiwa: 193, ambayo ni mifuko mitatu na komwe moja, 257, mifuko minne na moja, 449, mifuko saba na moja, 577, mifuko tisa na moja, 641, mifuko kumi na komwe moja ya akiba. Nyingine za namna hiyo zilizo katikati, kama 65 na 129, si tasa, kwa hiyo zinaachwa. Migawanyo mitano. Miaka 92 ilisimama nyuma ya migawanyo mitano.

Niliifanya yote kwa mkono wangu, juu ya meza ya kulia chakula, kwenye daftari la mraba. Simu ilikuwa kando yangu na ingenipa jibu kabla sijakohoa, lakini sikutaka kusafiria nyota ya mwenzangu. Kwa 193, baki ni 109. Kwa 257, baki ni 2. Kwa 449, baki ni 325. Kwa 577, baki ni 288. Kisha 641. Katika 4294 inaingia mara sita, inabaki 448. Nikashusha 9, ikawa 4489: inaingia mara saba, na saba mara 641 ni 4487, inabaki 2. Mbili tu. Nikashusha 6, ikawa 26, haiingii. Nikashusha 7, ikawa 267, haiingii. Nikashusha 2, ikawa 2672: mara nne, inabaki 108. Nikashusha 9, ikawa 1089: mara moja, inabaki 448, ile ile 448 niliyoiona mwanzoni, kama mtu uliyepishana naye sokoni asubuhi na sasa unakutana naye tena kituoni. Ilibaki tarakimu moja juu. Mara ya kwanza 448 ilishushiwa 9 na ikakosa kwa mbili. Safari hii ilishushiwa 7. Ikawa 4487. Niliiangalia kwa muda kabla ya kuandika. Saba mara 641 ni 4487. Baki sifuri. Pembeni ya karatasi lilisimama jibu, 6700417, nayo ni tasa, na nayo ukiipanga katika mafungu ya 64 inabaki moja.

Sijui niseme nini juu ya furaha ya sifuri ile. Haikuwa furaha ya kumshinda Fermat. Namheshimu zaidi sasa kuliko kabla. Ilikuwa kama kugusa ukuta wa nyumba gizani na kukuta ni baridi, ni imara, na ulikuwepo. Kwa maana 641 haikuanza kuigawa namba hii mwaka 1732. Iliigawa siku Fermat alipoandika barua yake. Iliigawa kabla ya kuzaliwa kwa Toulouse na St. Petersburg, kabla mkomwe wa kwanza haujaota miiba yake pwani na kuangusha mbegu za rangi ya majivu. Watu wakubwa walisema tasa, na namba haikuwakatalia wala haikuwakubalia. Ilikaa kimya na vigawo vyake viwili tumboni.

Neno hili, tasa, ndilo tulilopewa shuleni, na sijawahi kuridhika nalo. Najua lilivyofika: namba isiyogawanyika, basi kama mwanamke asiyezaa. Nimekua nikilisikia neno hilo likirushwa kama jiwe, likiwaangukia wanawake waliokuwa wakinipikia na kunilea, na lilipoandikwa ubaoni kwa chaki nililitambua na kuona haya. Katika hisabati mambo yako kinyume kabisa. Namba tasa ndizo wazazi wa zote. Kila namba nzima kuanzia mbili, ukiichambua mpaka mwisho, utakuta ama ni tasa yenyewe ama imezaliwa na tasa, na kwa njia moja pekee. Hakuna namba yenye koo mbili. Zile tano za Fermat, zilizoitwa tasa na kweli ni tasa, hebu zizidishe pamoja. Tatu mara tano ni 15. Mara 17 ni 255. Mara 257 ni 65535. Mara 65537 ni 4294967295. Ni zile komwe zote za mashimo 32, kabla ya ile ya kiganjani na kabla ya ile ya mfukoni. Namba ambayo mtoto angeijenga kwa kurudufu imezaliwa na hizo tano, bila msaada wa nyingine.

Basi tazama majirani hawa watatu, nyumba tatu zinazogusana kuta. Ya kwanza, 4294967295, imebeba tasa zote tano za Fermat, na tangu hapo haijapatikana ya sita. Ya katikati, 4294967296, haijui chochote ila mbili. Ivunje utakavyo, kila kipande ni mbili, thelathini na mbili kwa hesabu. Ya tatu, 4294967297, haina hata kigawo kimoja cha hizo mbili zilizotangulia. Ina 641 na 6700417 tu, wageni ambao hakuna jirani aliyewahi kuwaona. Kati ya nyumba na nyumba ni komwe moja. Sisi hufikiri kwamba vilivyo karibu hufanana, kwamba ukiongeza kidogo unabadilisha kidogo, na mara nyingi ndivyo ilivyo katika chumvi, katika mshahara, katika umri. Kwa namba nzima, moja hubadilisha ukoo mzima. Ndiyo maana ile 257 ilinipa baki ya 2 katika daftari langu: inaingia kikamilifu katika jirani wa kwanza, na kutoka huko hadi kwa wa tatu ni hatua mbili tu.

Kila mmoja wa majirani hao amepata kazi yake duniani. Ile ya katikati ndiyo idadi ya anwani zote za mtandao wa intaneti katika mpangilio wake wa zamani, anwani za swichi 32 za kuwasha na kuzima. Zilionekana nyingi kupita mahitaji ya binadamu, na mwezi Februari mwaka 2011 ghala kuu la dunia likagawa fungu lake la mwisho. Ile ya kwanza ni ya wapimaji. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula peke yake, na kwamba siri iko kwenye tasa hizo za Fermat. Kwa tunavyojua leo, umbo lenye pande nyingi kuliko zote linalochoreka hivyo, kama idadi ya pande ni witiri, lina pande 4294967295. Hakuna mkono utakaolichora. Macho yangeona duara. Lakini linachoreka. Mjerumani Johann Gustav Hermes alitumia zaidi ya miaka kumi akiandika hatua za kuchora umbo la pande 65537, akamaliza mwaka 1894, na karatasi zake zimehifadhiwa Göttingen. Wapo wanaouliza ilikuwa ya nini. Mimi huiwaza ile meza yake, karatasi zikiongezeka mwaka baada ya mwaka, na kuona mtu aliyekaa na jambo moja mpaka likaisha.

Euler naye alikaa na mambo yake. Jicho la kulia lilimharibikia akiwa na miaka thelathini na kidogo, la kushoto likafuata uzeeni, na bado aliendelea kuhesabu kichwani na kuwasomea wengine wakaandika, hadi kifo chake St. Petersburg mwaka 1783. Baada ya 641 yake safu ya Fermat iliendelea kuanguka. Iliyofuata, mbili 64 zikizidishwa pamoja, kisha moja kuongezwa, iligawanywa na Fortuné Landry mwaka 1880, mzee wa miaka themanini na ushei, akapata kigawo 274177. Kuanzia namba yetu hii hadi ile ambayo kipeo chake cha mbili kimerudufiwa mara 32, zote zinajulikana kuwa zinagawanyika, hata zile ambazo vigawo vyake havijaonekana na mtu. Inayofuata ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, na habari yake haijulikani. Huwa naiwaza nikizima taa. Iko mahali pake, imekwisha kuwa tasa au imekwisha kugawanyika, na usiku wa leo hautaiongezea wala kuipunguzia kitu.

Mtoto aliuliza komwe ile aiweke wapi. Nimepata njia ya kuifikia 641 bila kugawanya, njia wanayoipenda wanahesabu, na ningetamani kumwonyesha akikua kidogo. Fikiria una komwe zote za jirani wa katikati, za mashimoni na ya kiganjani, mbili 32 zikizidishwa pamoja, na unazipanga katika mafungu ya 641. Anza mbali kidogo, na 640, ambayo ni tano mara mbili saba zikizidishwa pamoja. Imepungua moja tu kujaza fungu. Ukizidisha 640 nne pamoja, upungufu nao unazidishana, na upungufu mara upungufu huleta ziada. Mwisho wake mafungu yanajaa na inabaki ziada ya moja. Sasa fungua hizo 640 nne uone kilichomo: ni tano nne, ambazo ni 625, na mbili ishirini na nane. Lakini 625 nayo imepungua 16 kujaza fungu, na 16 ni mbili nne. Kwa hiyo weka mahali pa 625 upungufu wa mbili nne. Ishirini na nane na nne ni thelathini na mbili. Upungufu wa mbili 32 unaacha ziada ya moja. Basi mbili 32 zenyewe zinaacha upungufu wa moja. Umepanga mafungu 6700416 yaliyojaa, mkeka umeenea hadi baharini, na hili hapa la mwisho lina komwe 640, na Babu anatia mkono katika mfuko wa koti.